Bi Semeni Mbele ya Jicho

Sheria ilisema mtu apewe taarifa siku moja kabla ya kupimwa. Sheria hiyo, pamoja na nia yake njema yote, ndiyo iliyomponza Bi Semeni. Ukimwambia mwanamke wa aina yake kwamba kesho anakuja mgeni, umeshaharibu kila kitu.

Leokadia Kunambi, mpimaji wa Idara ya Paa, alipofika chini ya reli ya juu asubuhi ile, alikuta nafasi kati ya nguzo mbili imefagiwa na kunyunyizwa maji ili vumbi lisitimke. Mkeka umetandikwa. Mkeka haukuwa wa Bi Semeni, wala chupa ya chai, wala vile vikombe viwili vyenye visosi. Majirani wote wa nguzo ile walikuwa wamechanga ili mwenzao asiaibike. Khanga tu ndizo zilikuwa zake. Alikuwa amezikunja na kuzilalia hadi zikanyooka.

"Hodi hapa," alisema Leokadia.

"Karibu, karibu mwanangu. Pita ndani."

Ndani hapakuwepo. Palikuwa na zege chini na zege juu, na treni iliyopita kila baada ya muda ikawalazimu watu kunyamaza. Hata hivyo Leokadia alivua viatu ukingoni mwa mkeka. Angefanya nini?

"Shikamoo Mama Chande."

"Marahaba. Hujambo? Wazee huko nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Habari za hapa?"

"Salama tu, alhamdulillahi. Hatuna la kulalamika."

Kifuani mwa Leokadia, Jicho likatetemeka kidogo. Lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Lilitazama, lilisikiliza, lilinusa. Lilisoma mapigo ya damu shingoni, usafi wa kucha na mkwaruzo wa sauti, kisha likatoa rangi ukingoni mwake. Kijani maana yake mtu anajimudu, aachwe alipo. Njano maana yake amezidiwa lakini chumba kitamwokoa, basi apewe chumba. Nyekundu maana yake hawezi kuaminiwa na uhai wake wala wa mwenzake, na huyo, au anayemtegemea, alichukuliwa kwenda Uangalizini. Watu wote chini ya reli waliomba chumba, na njano ilikuwa ukanda mwembamba kweli.

Sasa Jicho lilitazama mkeka, likatazama visosi. Waliolitengeneza hawakuwahi kukaribishwa chai na mtu asiye na sukari, kwa hiyo hawakulifundisha kujiuliza mkeka ni wa nani.

Chande, mwanawe, ndiye aliyemimina chai. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, mabega ya mpagazi, uso wa mtoto aliyeamka vizuri. Joto lote lile na amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono. Leokadia, aliyezoea kupita pale, alijua kilichofichwa chini ya lile shati: Chande alikuwa na kifafa, na siku moja kilimwangusha juu ya jiko la mkaa.

"Usiku mnalalaje, mama?"

"Vizuri tu. Upepo hapa mwanana, hata mbu wanatukimbia."

"Na Chande? Anaanguka mara nyingi?"

"Mara mojamoja. Huyu ni msaada wangu huyu. Chande, mwambie mgeni."

"Nachota maji," alisema Chande. Akafikiri. "Na nafagia."

Kijani ikakolea. Kutoka nguzo ya jirani mtu akasema, "Bi Semeni atakufa na tai shingoni," na wote wakacheka, Bi Semeni akiwa wa kwanza. Leokadia alikunywa ile chai ya kuazima.

Bi Semeni hakuzaliwa chini ya reli. Alikuwa mshonaji, mjane, mpangaji wa vyumba viwili upande wa mlimani, mtu wa kulipa kwa wakati. Milango ilipoanza kukadiria kodi yenyewe, yeye pia alishangilia. Dalali akaisha, na baba mwenye nyumba wa kuja kugonga mbele ya watu akaisha. Mlango ulijua sura yako, ukafunguka, na kila mwezi uliwatazama waliomo ndani ukakisia hasara wanayoweza kuleta, ukapandisha kodi au kuishusha. Wa Bi Semeni ukasikia kishindo usiku, kisha ukasikia kingine. Haukujua kifafa ni nini, ulijua kishindo. Kodi ikapanda. Ukanusa moshi ile siku ya jiko, kodi ikapanda tena, na asubuhi moja walitoka kwenda hospitali kubadilisha bendeji, waliporudi mlango haukuwafungukia.

Hakuna aliyewafukuza. Hilo ndilo linalokera, kwamba hapakuwa na mtu wa kutukana wala wa kumwangukia miguuni. Vyumba vile viwili viko tupu mpaka leo. Ghorofa nzima nzima ziko tupu kandokando ya barabara ile, madirisha yamefungwa, kwa sababu mlango ukishapandisha haushushi kwa urahisi, na mwenye mali yuko mbali, na hesabu za makisio zinamfurahisha kuliko mpangaji mwenye kelele.

*

Bwana Lukwele, mkuu wa Idara, alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo Leokadia alipoingia ofisini kwake bila kubisha.

"Bosi, nimempima mtu aliyekwisha kabisa, na Jicho linasema anajimudu."

"Basi anajimudu."

"Anajisitiri!"

"Nani hajisitiri, Leokadia? Mimi hapa unadhani ndivyo nilivyo?" Lukwele alicheka peke yake, kisha akaona uso wa kijana wake, akaacha. "Kaa."

"Sikai. Niruhusu niandike kwa mkono wangu kwamba namfahamu na hali yake siyo ile."

"Mkono." Aliweka kisu mezani. "Mikono tulikuwa nayo hapa. Wewe ulikuwa bado shule. Vyumba vya kwanza vilivyojengwa na Idara hii vilichukuliwa na mashemeji. Mama mmoja mwenye mapacha alilala hapo getini mpaka mapacha akabaki mmoja, na chumba chake dereva wa mkubwa alifugia kuku. Ndipo tukaleta Jicho. Jicho halina shemeji."

Hasira zikampanda Leokadia zaidi.

"Na zile ghorofa tupu? Kwa nini nyumba tupu isitozwe kodi kali mpaka mwenyewe aifungue? Kwa nini mlango uruhusiwe kumpandishia mtu kwa sababu mwanawe mgonjwa? Tukizuia hayo mawili tu, nusu ya watu wa reli wangekuwa makwao."

"Maneno mazuri. Niliyaandika mimi hayo, nywele zikiwa bado nyeusi. Niliyasoma mbele ya wakubwa, wakanipigia makofi, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Kilichopitishwa ni Jicho, na unajua kwa nini? Kwa sababu Jicho halimgusi mtu mwenye mlango. Linachagua tu kati ya wale wasio nao." Alikula kipande cha chungwa kana kwamba ni dawa. "Ijumaa reli inasafishwa. Atakayekutwa amelala nje baada ya hapo ana kosa. Mwanamke wako ana kipimo kimoja cha rufaa, kesho kutwa. Usimfundishe."

"Sijasema nitamfundisha."

"Uso wako umesema. Ukimfundisha, kipimo kinafutwa na kazi yako imekwisha. Na unajua mlango wako unakufungukia kwa sababu ya nini. Tena kumbuka, vyumba havizaliani. Ukimsogeza yeye akaingia njano, kuna mtu mwingine anatoka, na huyo hukunywa chai yake."

*

Kesho yake mchana Leokadia aliliacha Jicho kwenye droo ya ofisi akaenda chini ya reli kwa miguu. Bi Semeni alikuwa bombani, ndoo chini, khanga imefungwa kifuani kwa kazi. Chande alikuwa mbali kidogo akianua nguo.

"Karibu mwanangu. Leo umekuja bila lile dude lako?"

"Nimekuja kukuomba kitu, mama. Kesho usifagie."

Bi Semeni akacheka. "Nisifagie! Mgeni akanyage takataka?"

"Usifagie, usiazime mkeka, usichemshe chai. Nikiuliza habari usiniambie salama, niambie zilivyo. Na Chande avae mikono mifupi."

Kicheko kikakatika.

"Unajua unachoniomba, Leokadia?" Hakuwahi kumwita kwa jina.

"Najua."

"Hujui. Mume wangu alipougua tulilala na njaa, lakini nduguze walipokuja kumwona walikuta wali na kuku. Ule mlango uliponikataa nilijitanda vizuri, nikamsalimia kila niliyekutana naye, mtu angedhani nakwenda sokoni. Hapa nalala na panya, lakini hakuna aliyewahi kuniona. Unaelewa? Hakuna. Nyumba imechukuliwa, cherehani imekwenda, kitanda kimekwenda. Kimebaki hicho kimoja, na wewe ndiye uliyekuja kukichukua."

Ndoo ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

"Ijumaa Chande atalala wapi?" Leokadia aliuliza. "Watawafukuza hapa mpaka barabarani. Akianguka kule, mama, gari haitauliza ana nini."

Ulikuwa ukatili, na Leokadia aliujua alipokuwa akiutamka. Alisema kwa sababu hakuwa na kingine. Bi Semeni alimtazama mwanawe akikunja shuka kwa uangalifu, pembe kwa pembe, jinsi alivyomfundisha. Mwishowe akainama, akafunga bomba.

"Haya. Nitajivua. Lakini nikuambie mapema, mimi sijui kujivua nusu. Msiba wa mume wangu nilipoanza kulia walinishika watu wanne. Ukishanifungua, usije ukaniambia nyamaza."

"Sitakuambia."

"Uniahidi."

"Naahidi, mama."

Alimweleza habari za kijani na njano. Nyekundu hakuitaja. Alijiambia kwamba akiitaja mama yule atakataa moja kwa moja, na kweli angekataa.

*

Siku ya rufaa hapakufagiwa. Maganda ya ndizi na karatasi vililetwa na upepo vikaachwa. Bi Semeni aliketi juu ya zege, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesokotana, miguu ameinyoosha mbele. Majirani walijua. Kila mmoja alikuwa amegeuka na kuelekeza uso kwenye nguzo yake, ili kumpa mwenzao faragha ambayo hakuna ukuta uliompa. Leokadia akavua viatu ingawa mkeka haukuwepo.

"Shikamoo mama. Habari za hapa?"

Bi Semeni alijifuta uso kwa kiganja.

"Mbaya," alisema Bi Semeni. Neno lilimtoka kwa shida, na likishatoka akalirudia kwa urahisi zaidi. "Mbaya, mwanangu. Mbaya sana."

Kijani ikafifia. Alisema habari za panya. Alisema habari za kula mabaki ya hotelini na kumwambia Chande kwamba ni zawadi ya rafiki. Alimwita mwanawe aonyeshe mikono, na Chande akaikunja kwapani kwa aibu, mpaka alipoambiwa mara ya pili. Ngozi kutoka viganjani hadi kwenye viwiko ilikuwa imevutana, inang'aa, na sehemu moja haijapona. Njano ikawaka.

Leokadia alishusha pumzi. Limekuwa, alijisemea. Chumba chenye vitanda viwili na bomba ndani. Kilichobaki ni neno moja, kwa maana kwa kanuni za Idara anayefunga kipimo ni mpimwa mwenyewe, kwa kusema amemaliza.

"Ahsante mama. Basi kama umemaliza..."

"Sijamaliza."

"Ya leo yanatosha, mama."

"Uliahidi hutaninyamazisha." Hakumwangalia. Macho yake yalikuwa yanatazama kitu ambacho Leokadia hakukiona. "Jioni nafunga mguu wangu na wake kwa upande wa khanga. Akishtuka ananivuta, naamka, naweka mkono chini ya kichwa chake kisigonge kwenye zege. Akijikojolea namfuta. Mwanaume mzima, nilimnyonyesha huyu, namgeuza kama gunia. Juzi kwenye ile mvua kubwa alianguka, akatulia, akaanguka tena, akaanguka tena. Nikasema, Ee Mola, mchukue. Mchukue sasa hivi, wakati mie ningali na nguvu za kumzika, maana nikitangulia mimi huyu ataliwa na mbwa."

"Mama, tafadhali."

"Nikautoa mkono wangu chini ya kichwa chake." Aliuinua mkono huo, akautazama. "Kidogo tu. Nikasikia kichwa kinagonga. Kisha nikaurudisha."

Treni ikapita juu. Walingoja wote, kwa mazoea, mpaka ikaisha.

"Mimi sijafa, mama," alisema Chande.

"Hujafa, baba. Hujafa." Akamshika ile mikono iliyoungua, akaililia. "Nimemaliza."

Mwanamke yeyote aliyewahi kuuguza angejua alichosikia pale. Angejua kwamba dua ile huombwa na wanaopenda mpaka wakachoka, na kwamba mkono uliorudi ndio habari yenyewe. Jicho lilisikia mkono uliotoka. Leokadia hakuhitaji kuliangalia. Aliona wekundu wake unacheza juu ya zege, kati ya miguu ya yule mama.

*

Gari la Uangalizi lilifika kabla ya adhuhuri, jeupe, bila king'ora. Bwana Lukwele alikuja nalo mwenyewe. Chande aliambiwa anakwenda kwenye nyumba yenye kitanda, akafurahi, akapanda bila kushikwa, akaanza kujaribu vitufe vya kiti.

Lukwele alichuchumaa mbele ya Bi Semeni, suruali yake nzuri ikigusa takataka.

"Mama, Jicho lilisikia unasema 'uliahidi'. Lazima nikuulize. Kama mpimaji huyu alikuja akakufundisha la kusema, niambie sasa. Kipimo kinafutwa, gari linarudi tupu, na kijana anabaki na wewe."

Leokadia alisimama hatua chache nyuma. Maneno alikuwa nayo tayari: nilimfundisha, tena sikumwambia habari ya nyekundu. Yalikuwa machache kabisa. Akaufikiria mlango wake. Akafikiria yeye mwenyewe akiwa hapa Ijumaa, na nguo zake ndani ya mfuko. Maneno yakabaki kinywani.

"Akibaki," aliuliza Bi Semeni, "Ijumaa analala wapi?"

Lukwele akabandua ganda la ndizi lililonata kwenye suruali yake.

"Huko kwenu dawa zipo?"

"Zipo."

"Za kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Nikija kumwona?"

Lukwele alitazama chini. "Hutaruhusiwa. Wewe ndiye uliyetajwa kwenye kipimo kwamba ni hatari kwake. Ndivyo ilivyo sheria."

Majirani hawakugeuka. Bi Semeni akageuza kichwa, akamtazama Leokadia moja kwa moja, wala si kwa chuki. Laiti ingekuwa kwa chuki.

"Hakunifundisha mtu," alimwambia Lukwele. "Nina kinywa changu."

Lukwele akainuka polepole. Alielewa, na alionekana mzee kuliko asubuhi. "Leokadia," alisema bila kumtazama, "mpime tena. Hali yake imebadilika."

Leokadia akasogea. Jicho lilimwona mwanamke mmoja, viungo vizima, akili timamu, hana anayemtegemea. Halikuchukua muda kuwa kijani.

Gari likawashwa. Chande aligonga kioo, akakishusha.

"Mama, panda basi!"

"Tangulia, baba. Nakuja." Alipunga mkono na kutabasamu, tabasamu la mtu anayemsindikiza mwanawe shule, na hakulitoa usoni mpaka gari lilipopinda kona. Hapo uso ukabaki bila kitu.

Lukwele alikwenda zake. Leokadia akapiga magoti. Alitaka kulia, akaona aibu, maana ndani ya majuto yake yote kulikuwa na nafuu. Kazi bado anayo. Aliiona nafuu hiyo waziwazi.

"Mama Chande, mimi..."

"Usiseme." Bi Semeni alimwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama anavyonyamazishwa mtoto mbele ya watu. "Wanasikia hao. Na hilo dude lako liko wazi bado."

"Nilitakiwa nikuambie."

"Nenda, mwanangu. Nenda kabla hujasema kitu kikakukosesha na wewe pa kulala."

Leokadia akavaa viatu, akaenda.